Hiyo Karatasi ya Macho Ni Yako, Isome

Wasee, kuna kitu kinanikera. Mtu anaenda kupimwa macho, analipa, anasoma herufi ukutani, anawekewa lenzi moja baada ya nyingine, halafu anatoka na karatasi imejaa namba. Ukimuuliza wamesemaje, anakwambia, "Nimepewa miwani." Stori imeisha. Yaani salio la M-Pesa tunajua hadi shilingi ya mwisho, lakini namba za macho yetu hatujui?

Mimi nasema hivi: usitoke kwa hicho chumba kabla hujaelewa karatasi yako. Na si ngumu vile inakaa.

Anza na ile namba yenye mkwaju, kama 6/12. Hiyo si asilimia, na si maksi za mtihani. Namba ya kwanza ni umbali wako kutoka kwa chati, mita 6. Ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho ya kawaida angesoma mstari huohuo. Kwa hivyo kile wewe unasoma ukiwa mita 6, yeye anakisoma akiwa mita 12. Yeye ashaona namba ya matatu, wewe bado unakunja uso pale steji. Marekani wanapima kwa futi, ndio maana kwa filamu unasikia 20/20. Ni sawa na 6/6 yetu.

Halafu kuna namba za miwani. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi. Ikiwa na alama ya kutoa, shida yako ni vitu vya mbali. Ikiwa na ya kujumlisha, macho yanajikaza zaidi, hasa kwa vitu vya karibu. CYL ikijazwa, mara nyingi ni kwamba sehemu ya mbele ya jicho imepinda kama yai badala ya mpira, na AXIS inaonyesha lenzi ielekezwe upande gani.

Sasa jaribu hesabu hii kama una alama ya kutoa: gawanya 1 kwa namba yako ya SPH. Ukiwa na -2.00, unapata nusu mita. Bila miwani, kitu chochote kupita sentimita 50 kinaanza kufifia. -4.00 ni sentimita 25, karibu urefu wa rula ya shule. Ghafla unaelewa kwa nini darasani ulikuwa unanakili kutoka kwa daftari la jirani.

Lakini hapa ndipo watu wanadanganyika: 6/6 haimaanishi macho yako ni mazima. Inasema tu unaona herufi zilizo mbele yako. Glakoma, ile watu huita presha ya macho, huanza kula pembeni polepole, bila uchungu. Unaweza kusoma chati yote na bado uwe nayo. Kwa hivyo ukipimwa bure pale kwa duka la miwani na uambiwe uko sawa, uliza: mmeangalia ndani ya jicho, ama mmepima lenzi tu? Kama nyumbani kuna mtu ana glakoma, sema kabla hawajaanza.

Najua kuna mwenye atasema, "Si daktari ndiye amesomea hiyo kazi?" Ndio, na hakuna mtu amekwambia ujipime. Lakini daktari wa mwaka huu huenda si yule wa mwaka jana. Ukitoka -1.00 hadi -2.50 na karatasi ya kwanza ulifungia mandazi, nani atajua macho yanakimbia?

Piga picha karatasi yako leo, uiweke kwa simu. Miwani ikivunjika, una namba zako. Na ukirudi kupimwa, una kitu cha kulinganisha.

Haya, enda utafute yako. SPH inasema ngapi?