Isaya Alikuwa Akimwambia Nani?

Huenda mwanao amerudi likizoni kutoka chuo kikuu akakuambia mezani kwamba katika Isaya 7:14 Kiebrania hakisemi "bikira". Usimgombeze, wala usikimbilie kumwita mchungaji. Kijana amesema kweli, ila hajaimaliza.

Neno lililopo pale ni "alma", yaani msichana aliyekwisha kuvunja ungo. Mwaka wa 1952 Biblia moja ya Kiingereza huko Marekani ilipoandika "mwanamke kijana", mchungaji mmoja wa North Carolina aliuchoma moto ukurasa huo. Swali likabaki pale pale.

Hebu fungua sura yote ya saba, si mstari mmoja tu. Yapata mwaka wa 735 K.K., Mfalme Ahazi wa Yuda alikuwa akitetemeka Yerusalemu. Resini wa Shamu na Peka wa Israeli walikuwa wamemjia kwa vita, wakitaka kumng'oa kitini. Isaya akampa ishara: mtoto atazaliwa, na kabla hajapambanua jema na baya, nchi za wafalme hao wawili zitakuwa mahame. Mwaka wa 732 K.K. Waashuri wakaiteka Dameski. Kumbe ahadi ile ilikuwa na kazi siku zile zile! Mtu aliyezingirwa na adui atafarijika vipi kwa habari ya miaka 700 baadaye?

Na bikira je? Ni Wayahudi wenyewe, walipotafsiri vitabu vyao kwa Kigiriki kabla ya Yesu kuzaliwa, waliochagua neno "parthenos", ambalo kwa kawaida ni bikira. Mathayo aliandika kwa Kigiriki, akalikuta limekwisha kuwapo. Akaona katika Yesu ukamilifu wa Imanueli yule wa siku za Ahazi. Wayahudi hawaisomi sura hiyo hivyo, nao ndio walioitunza karne nyingi. Kuwaita vipofu, kama wafanyavyo baadhi ya wahubiri wetu, ni utovu wa adabu.

Nawe mwulize mwanao: mbona Luka, katika sura yake ya kwanza, anamwita Mariamu bikira bila kumtaja Isaya?

Kisha jioni ya leo someni pamoja Isaya 7 na Wafalme wa Pili 16. Mtaona Ahazi alivyoiacha ishara ile, akachukua fedha na dhahabu ya hekalu, akampelekea mfalme wa Ashuru ili amwokoe.