Kidimbwi cha samaki: Maji yasiyopimwa humaliza mtaji

MWAKA 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki katika maeneobunge 140, kila moja likitengewa vidimbwi 200. Wakulima wengi waliingia katika ufugaji wa ngege na kambare kwa mara ya kwanza. Miaka michache baadaye, vingi vya vidimbwi hivyo vilikuwa vimetelekezwa.

Ukosefu wa vifaranga bora, bei ya chakula na shida ya soko ndivyo hulaumiwa sana. Hata hivyo, maji yenyewe hayazungumzwi sana, ilhali ndiyo yanayoweza kumaliza mtaji kwa usiku mmoja.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waliomo majini na kwenye tope huigeuza kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Kwa hiyo si kila bakteria ni adui wa mfugaji.

Tatizo ni kwamba bakteria hao hutumia hewa ya oksijeni. Mchana mwani huongeza hewa hiyo, lakini usiku nao huitumia. Ndiyo maana oksijeni hupungua zaidi alfajiri. Mfugaji anayemwaga chakula kingi ili samaki wanenepe haraka huwaongezea bakteria kazi, na asubuhi anaweza kukuta samaki wa miezi sita wakielea.

Samadi ya kuku nayo ina pande mbili. Hurutubisha maji na kuotesha mwani ambao ngege hula, lakini ikizidi huoza na kuleta vijidudu vya kinyesi kama E. koli. Hasara hiyo humfikia pia mchuuzi, kwani samaki aliyesafishwa kwa maji ya kidimbwi huweza kumpeleka mteja hospitalini.

Wapo wanaokimbilia dawa za kuua bakteria. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huzalisha bakteria sugu, na haziongezi oksijeni.

Dalili za hatari hazihitaji maabara. Samaki wakipanda juu alfajiri wakihema, chakula na samadi visimamishwe mara moja na maji safi yaongezwe. Mkono ukizamishwa majini na kiganja kikapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Tope jeusi lenye harufu ya mayai viza ni ishara kwamba chini hakuna hewa.

Amonia, lakini, haionekani kwa macho. Ukali wake huongezeka maji yanapokuwa ya moto na yenye magadi mengi. Inahitaji vifaa vya kupimia, ambavyo mfugaji wa kidimbwi kimoja huona ni ghali. Wafugaji kumi wakichanga, gharama hugawanyika mara kumi.

Tangu 2013 huduma za kilimo na uvuvi ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti inayogawa vifaranga bila kumpa afisa wake vifaa vya kupima maji inarudia kosa la awali: kuhesabu vidimbwi vilivyochimbwa badala ya samaki waliofika sokoni. Nao wafugaji wasisubiri. Kinga ni bora kuliko tiba.