Moto Hausomi Mabango

Kila Desemba tunafundishwa habari za moto kana kwamba sisi ndio kiberiti. Mwaka huu pia karatasi zimepita hapa Kajaga mkono kwa mkono: usiache mshumaa unawaka, usipike ndani, chunga watoto. Moja, ya shirika ambalo sitalitaja, ilikuwa na mchoro wa mti wa Noeli na nyumba yenye theluji juu ya paa. Theluji! Desemba yetu sisi ni mvua, mbu na matope. Aliyeichora hakuwa anatuwaza sisi.

Sibishani na maneno ya karatasi. Kweli mshumaa unaunguza. Ninachokataa ni hii tabia ya kumfundisha mpangaji peke yake, huku mwenye nyumba, msimamizi wa kambi na mwenye bajeti wamekaa viti vya mbele kama wageni wa heshima.

Kwa nini mama anapika ndani? Kwa sababu mvua inanyesha na baraza hana. Kwa nini anawasha mshumaa? Kwa sababu umeme wa Regideso umekatika, au kashipawa ni moja kwa vyumba vyote vya uani na aliye zamu hajalipa. Kwa nini waya unapita chini ya godoro? Kwa sababu plagi ni moja, na ralonji ndiyo inalisha taa, simu na redio. Ukimwambia "usipike ndani", muonyeshe basi pa kupikia. Usipomuonyesha, hujamfundisha kitu. Umejitafutia tu mtu wa kulaumu siku nyumba ikiungua.

Tarehe 7 Desemba 2021, kabla ya kupambazuka, gereza la Gitega liliwaka. Serikali ilitangaza vifo 38, na ikasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Gereza lile lilijengwa kwa watu 400, ndani walikuwamo zaidi ya 1,500. Bango lingewasaidia nini wale? Walikosa nafasi. Walikuwa nyuma ya milango ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Na soko kuu la Bujumbura, tarehe 27 Januari 2013, liliteketea katikati ya mji, barabara za lami pande zote. Kama moyo wa mji haukuokolewa, nani atakimbilia shitingi yako?

Sisemi hapa habari za moto wa Gatumba wa tarehe 13 Agosti 2004. Ule uliwashwa na watu waliokuja kuua wakimbizi, na jina lake ni mauaji. Ninasema moto ule unaoitwa "ajali", wakati kila mtu alishaona unakotokea.

Ninyi wa mashirika, vitabu vyenu wenyewe vinasema vizuri kuliko mimi. Viwango vya Sphere vinataka uwazi wa mita 30 kila baada ya mita 300 za makazi. Kati ya nyumba na nyumba vinataka mita 2 angalau, na bora zaidi umbali uwe mara mbili ya kimo cha nyumba. Basi safari ijayo acheni mabango ofisini, mje na kamba ya kupimia. Wasomaji wa Bwagiriza, Kavumu na Musasa, nanyi pimeni. Mkikuta hatua moja, andikeni hatua moja, mpeleke kwenye mkutano. Ombeni pia taa za jua na paa la kupikia wakati wa mvua. Hiyo ndiyo kinga. Semina yenye soda si kinga.

Sasa kwetu. Maana umaskini hautufanyi malaika.

Kuna bidoni za esansi zinalala chini ya vitanda. Najua esansi ni adimu, najua ile inayovuka kutoka Uvira inalisha familia. Lakini wengi wetu tumetoka bonde la Ruzizi, na Sange hatujaisahau: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilianguka, watu wakaja kuchota, na moto ukaua zaidi ya watu 200, wengine wakiwa ndani wanaangalia Kombe la Dunia. Mvuke wa esansi hauonekani, unatambaa chini hadi ukute mbabula ya jirani. Ukiweka bidoni chumbani, umewawekea hatari majirani ambao hukuwauliza.

Kuna mbabula inayoingizwa ndani usiku ili nguo zikauke, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Makala yakiwa mekundu bila moshi, ndiyo tunafikiri yako salama. Sivyo. Yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Na kuna kadena. Hili ndilo linaniuma zaidi. Tarehe 31 Desemba wazazi wanaenda ibada ya usiku, wanafungia watoto ndani, kadena nje, ufunguo mfukoni. Dirisha lina antivoli ya chuma. Mshumaa wanawaachia ili wasiogope giza. Niambieni, chumba hicho kina tofauti gani na Gitega? Wachukueni watoto kanisani walale kwenye mkeka. Au mama mmoja wa ua abaki nao, mlango wazi, na mwaka ujao abaki mwingine. Mungu hatamhesabia huyo kwamba amekosa ibada.

Wenye nyumba, antivoli iwe na upande mmoja unaofunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea anaimaliza siku moja, na kodi yetu ya mwezi inatosha kumlipa.

Mwisho, mchanga. Kajaga tunakaa ufukweni mwa Tanganyika, mchanga ni wa bure. Kila mlango uwe na ndoo moja imejaa, kwa sababu esansi ikiwaka, maji yanaieneza tu. Wa kwenye hema, kisu kikae mahali ambapo hata mtoto mkubwa anakijua, cha kupasulia shitingi upande wa nyuma. Haya tuyafanye wiki hii, kabla ya Noeli. Mita mbili zetu tutaendelea kuzidai baada ya sikukuu, tukiwa wote tupo.