Hawakuwakimbia Watu

Yako maneno yapitayo mashuleni kama sarafu ya bandia: kila mtu huyapokea na kuyatoa, wala hapana ayapimaye. Husemwa kwamba washairi wa Marekani wa karne ya 19 walikuwa wapenzi wa maumbile, na kwamba mpenzi wa maumbile ni mtu aliyechoshwa na wanadamu, akakimbilia mwituni. Mwanafunzi huyanakili hayo katika daftari, huyakariri usiku, na huyarudisha vile vile siku ya mtihani. Nia yangu ni kuonyesha ya kuwa maneno hayo si ya kweli, na ya kuwa uongo wake una madhara.

Natuanze na William Cullen Bryant, aliyezaliwa katika jimbo la Massachusetts mwaka 1794. Sifa yake ilianza kwa shairi juu ya kifo, ardhi na misitu, lililopigwa chapa mwaka 1817. Ikiwa yuko mshairi anayestahili kuitwa mtu wa mwituni, ndiye huyu. Lakini aliishi wapi? Aliishi katika jiji la New York, akawa mhariri wa gazeti la Evening Post tangu mwaka 1829 mpaka alipofariki mwaka 1878. Mwaka 1844 aliandika katika gazeti hilo akidai jiji litenge bustani kubwa ya watu wote kabla ardhi haijamezwa na majumba. Wengine walimwunga mkono, na katika majira ya baridi ya mwaka 1858 sehemu ya kwanza ya bustani iitwayo Central Park ilifunguliwa. Je, mtu anayewachukia wanadamu huwadaia kivuli? Bryant aliipenda miti, na kwa sababu hiyo hiyo hakustahimili kuona maelfu ya watu wakiishi bila miti.

Yamkini mtu atanijibu, “Na Henry David Thoreau je? Huyo hakujenga kibanda msituni akakaa peke yake?” Kweli alijenga. Alihamia kando ya bwawa la Walden tarehe 4 Julai, 1845, akakaa miaka miwili, miezi miwili na siku mbili. Lakini kibanda chake kilikuwa na viti vitatu, na mtu mmoja hakalii vitatu. Kijiji cha Concord kilikuwa mwendo mfupi kwa miguu, naye alikwenda huko mara kwa mara, na wageni walimjia. Mwezi Julai 1846, angali akiishi msituni, alilala usiku mmoja kifungoni kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyolinda utumwa. Yeye na jamaa zake waliwasaidia watumwa waliotoroka. Upweke wake ulimpa nafasi ya kufikiri juu ya haki ya wenzake, haukumfanya awasahau.

Emily Dickinson ndiye anayesingiziwa zaidi. Alizaliwa Amherst mwaka 1830, akafa huko huko mwaka 1886, na kwa miaka yake ya mwisho alitoka kwa nadra nje ya kiwanja cha baba yake. Basi husemwa kuwa alibakiwa na nyuki na maua tu kwa kuwa hakuwa na watu. Wasemao hivyo hawajui habari za barua zake. Zimehifadhiwa zaidi ya 1,000, na nyingi nyingine zimepotea. Mara nyingi barua ilikwenda pamoja na shairi, au ua lililochumwa katika bustani yake. Wifi yake Susan, aliyekaa nyumba ya jirani, alipelekewa mashairi zaidi ya 200. Kwa Dickinson ua lilikuwa salamu. Lilitoka mkononi mwake likafika mkononi mwa mtu aliyefiwa, au mgonjwa, au rafiki wa mbali.

Na Walt Whitman? Kitabu chake, Leaves of Grass, kilitoka mwaka 1855, naye aliendelea kukiongeza mpaka alipokaribia kufa mwaka 1892. Alichagua majani kuwa alama yake kwa kuwa majani humea kila mahali wala hayambagui mtu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, ndugu yake alijeruhiwa mwezi Desemba 1862. Whitman alikwenda kumtafuta, kisha akabaki Washington akiwatembelea majeruhi hospitalini. Mwenyewe alikadiria kuwa alifanya ziara zaidi ya 600. Aliwapelekea matunda na tumbaku, akawaandikia barua za kwenda kwa mama zao, akakaa na waliokuwa wakifa. Rais Lincoln alipouawa mwezi Aprili 1865, Whitman alimlilia kwa maua ya lilaki, nyota moja, na ndege aimbaye peke yake kinamasini. Vitu hivyo vya maumbile vilibeba msiba wa taifa zima.

Sasa nieleze madhara niliyoyataja. Mtu akizoea kuitazama ardhi kana kwamba haina watu, haoni vigumu kuwaondoa walio juu yake. Mwaka 1830 Marekani ilitunga sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili, na mwaka 1838 Wacherokee walifukuzwa kwa nguvu za askari, maelfu walikufa. Washairi wenyewe hawakuwa safi wote katika jambo hili. Bryant, niliyemsifu, aliwaeleza wenyeji wa mbugani kana kwamba zamu yao imekwisha. Lakini Ralph Waldo Emerson, mwandishi mkuu juu ya maumbile, mwaka huo wa 1838 alimwandikia Rais Van Buren kupinga ukatili huo.

Tena wenyeji hao walikuwa na mshairi wao. Jane Johnston Schoolcraft, aliyeishi tangu 1800 mpaka 1842, mama yake alikuwa Mwojibwe na baba yake mtu wa Ireland. Alitunga kwa Kiojibwe na kwa Kiingereza. Alitunga shairi juu ya msonobari alioufurahia aliporudi kwao kutoka ng’ambo, na jingine juu ya uchungu wa kuwaacha watoto wake shuleni mbali na nchi yao. Aliye katika shule ya bweni hahitaji kuelezwa maana yake. Mti wake ulikuwa jamaa aliyempokea nyumbani. Nani atasema aliwakimbia watu?

Basi, mwanafunzi, ukisoma shairi lenye mti, uliza mti huo ni wa nani, nani amepumzika chini yake, na nani amefukuzwa hapo. Usipouliza hivyo, umesoma juu ya majani, lakini shairi hujalisoma.