Wageni wa Duluti wasipite Tengeru bila kununua

MKULIMA wa Tengeru akitaka kujua kama utalii unamfaa, asihesabu magari yanayoingia Ziwa Duluti. Atazame kilichomo kwenye buti za magari hayo.

Mwaka jana nilikwenda Duluti na jamaa zangu kupiga kambi siku mbili. Jioni tulipofungua boksi la chakula nikaona aibu. Nyanya, vitunguu, mayai, ndizi na hata mkaa, vyote tulikuwa tumevinunua mjini Arusha, halafu tukapita soko la Tengeru bila kusimama. Nami ni mchumi wa kilimo!

Wasiopafahamu, Duluti ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, nje kidogo ya barabara kuu ya Arusha-Moshi. Linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Watu huenda kupiga makasia, kuzunguka ziwa kwa miguu, kutazama ndege na kenge, na kulala kwenye mahema. Wengi huingia mwishoni mwa wiki, na Jumamosi ni siku ya gulio la Tengeru. Mteja na bidhaa wako mahali pamoja siku moja, lakini hawakutani.

Kwa nini? Bidhaa si tatizo. Tengeru ndiko ilikotoka mbegu ya nyanya ya Tengeru 97, inayosifika kwa ngozi ngumu na kukaa muda mrefu bila kuharibika. Hiyo ndiyo nyanya anayoihitaji mtu asiye na jokofu kambini. Tatizo ni namna tunavyouza. Mwenye familia ya watu wanne hahitaji tenga la nyanya, debe la viazi wala mkungu mzima wa ndizi. Mafungu madogo yapo, lakini ili ayapate itabidi aegeshe gari, azunguke meza kumi na kupatana bei mara kumi, huku watoto wakilia njaa. Anaona heri amalize kila kitu mjini.

Tufanye hesabu ya mfano. Kundi la watu 10 likikaa siku mbili, kila mtu akila chakula cha shilingi 10,000 kwa siku, jumla ni shilingi 200,000. Makundi manne kwa wiki ni shilingi 800,000, na kwa wiki 50 ni shilingi milioni 40. Hayo ni mauzo, si faida, na wakati wa masika wageni hupungua. Lakini hata nusu yake ikibaki Tengeru, ni ada za shule za watoto wengi.

Ushauri wangu ni kuuza kapu la kambi. Akina mama watano walio kwenye kikundi kimoja cha kuweka na kukopa wanaweza kukusanya mboga, ndizi, mayai, matunda na viungo vya kutosha watu wanne kwa siku mbili, wakavisafisha, wakavipanga kwenye kapu moja na kuweka bei moja inayojulikana. Mgeni anaagiza kwa simu siku moja kabla, analipa sehemu ya fedha kwa simu, na akifika analichukua kapu lake. Anayetaka chakula kilichopikwa apelekewe mtori au loshoro.

Wapo watakaosema wageni hawaaminiki, leo wapo kesho hawapo. Ni kweli, lakini kapu hili halihitaji shamba jipya wala mkopo mkubwa. Lisiponunuliwa, vilivyomo vinarudi mezani sokoni vilikotoka.

Kuna jambo moja la kuangalia, nalo ni kuni. Msitu wa Duluti ni mdogo, hekta 19 hivi, wakati ziwa lenyewe lina zaidi ya hekta 60. Anayeingia humo kukata kuni za kumuuzia mgeni anakula mtaji, maana msitu ndio unaomleta mgeni huyo. Kuni zitoke kwenye matawi ya migrivea tunayopogoa katika mashamba yetu ya kahawa na migomba.

Kwa upande wao, wasimamizi wa hifadhi wavipe vikundi vilivyoandikishwa mahali rasmi pa kukabidhi bidhaa karibu na lango, kwa masharti ya usafi na bei zilizobandikwa. Wakulima wanaofaidika na wageni watakuwa walinzi wa msitu bila kulipwa mshahara.

Safari ijayo nitafika Tengeru na buti tupu. Naomba nimkute wa kunijazia.