Dubu Mweusi Hauawi kwa Ukubwa wa Risasi

Katika karamu ya harusi ya jamaa zetu wa Bukavu iliyofanywa Portland, katika jimbo la Maine, mzee mmoja ambaye vijana humheshimu kwa kuwa amekaa Marekani miaka mingi alimwambia kijana aliyepata kibali chake cha kwanza cha kuwinda kwamba amwendeaye dubu mweusi bila ya bunduki ya magnamu, yaani ya risasi zenye nguvu kupita za kawaida, amekwenda kujichimbia kaburi. Na kijana, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitikia, "Nimesikia, baba," kisha baada ya siku chache akaenda dukani akatoa akiba yake yote kununua bunduki ya .338 Winchester Magnum, ambayo hadi hivi leo haijampa raha. Sikumjibu mzee pale pale, kwani harusi si mahali pa kubishana na wakubwa. Lakini neno lile limenikaa kooni, maana si lake peke yake: nimelisikia kwa wenye maduka ya bunduki, ambao maslahi yao yanajulikana, nimelisikia kwa watu ambao hawakupata kumwona dubu ila katika filamu, na linalonichoma zaidi ni kwamba sasa linapokewa na wasemao Kiswahili wa Portland na Lewiston, watu waliokulia katika nchi zenye wanyama wakali kuliko huyu, kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa na isiyo na rufaa.

Rai yangu ni kinyume kabisa, nami naisema bila ya kuipunguza. Kinachomwua dubu mweusi ni risasi iliyoundwa vyema ikapita katika mapafu yake mawili, na haipelekwi huko ila na mtu asiyeiogopa bunduki yake mwenyewe. Ukubwa wa risasi, ukishavuka kile kiwango cha kawaida ambacho babu za watu wa Maine walikiona kinatosha, haumzidishii mnyama mauti. Humzidishia mwindaji hofu.

Na tumtazame kwanza mnyama mwenyewe, kwa sababu watu humtaja huyu ilhali wanamwaza mwingine. Dubu wa kahawia wa pwani ya Alaska, ambaye dume lake huweza kuvuka kilo 450, ana habari zake, na mwenye kumwendea huyo na ashauriane na wanaomjua. Dubu mweusi si yeye. Jike lake zima aghalabu huwa na uzito wa baina ya kilo 40 na 110, na dume, ijapokuwa wamepatikana wachache waliopita kilo 250, kwa kawaida halimfikii nyumbu dume wa Serengeti, mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwindaji kwamba bila ya mzinga hafi. Tena huko Maine dubu walio wengi hupigwa penye chambo, yaani mwindaji huweka mikate na donati zilizochacha mwituni, kisha hukaa juu ya mti au katika kibanda, na mnyama humjia mita 20 au 30 tu kutoka hapo alipo. (Kuna wanaouchukia uwindaji wa namna hiyo, na mwaka 2004 na tena mwaka 2014 waliupeleka kwenye kura ya wananchi ili upigwe marufuku, wakashindwa mara zote mbili.) Basi niambiwe: kwa mnyama wa uzito huo na kwa umbali huo, risasi iliyobuniwa kumwangusha paa mkubwa wa milimani aliye ng'ambo ya bonde ni ya kazi gani?

Risasi ya .30-30 Winchester ilitoka mwaka 1895, ikapigwa na bunduki ya mwaka 1894 aliyoibuni John Browning, bunduki ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 7. Kichwa chake kina uzito wa gramu 11 hivi, na mwendo wake ni kama mita 670 kwa sekunde, jambo ambalo mwenye duka wa leo atakutajia kwa kukunja uso kana kwamba amekutajia gobori la mababu. Kwa risasi hiyo wakulima na wakataji miti wa kaskazini wamewaua dubu kizazi baada ya kizazi, na dubu hawajabadilika tangu wakati huo. Kilichobadilika ni matangazo ya biashara.

Sasa nije kwenye teke, ambalo ndilo kiini cha shauri langu, nalo halitajwi na wauzaji. Kila risasi inapotoka mbele, bunduki hurudi nyuma, na katika bunduki mbili za uzito mmoja teke la .338 Winchester Magnum ni takriban mara tatu ya teke la .30-30. Mtu asiyezoea huvumilia la kwanza kwa ushujaa, na la pili kwa haya ya wanaomtazama; lakini ikifika la tatu na la nne mwili wake hauombi tena ruhusa ya akili: macho hufumba kabla ya mlio, bega huinuka, shavu hutoka kwenye kitako, na kidole, badala ya kuivuta triga polepole, huinyakua. Hapo mtutu umekwisha kupinduka kabla risasi haijatoka. Wala hili si la waoga. Huwapata watu hodari, huwapata wanajeshi, na likishaingia mwilini huchukua miezi kutoka. Na kwa kuwa bunduki inaumiza, mwenyewe huacha kwenda uwanja wa shabaha, hupiga risasi tatu kwa mwaka, huiweka bunduki sandukuni, kisha hudhani ameinunua salama yake.

Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, jirani aliniita usiku nikamsaidie kumtafuta dubu aliyempiga jioni kwa magnamu ya bei kubwa, naye alikuwa amemkuta kwa umbali mdogo kuliko upana wa uwanja wa mpira. Risasi ilikuwa imempita tumboni. Tulitambaa kwa tochi katika kichaka cha misonobari tukitafuta damu tusiipate, kwa sababu dubu wa msimu huo amejaa shahamu inayoziba jeraha, na manyoya yake marefu hunywa damu kama sifongo hata isidondoke chini. Ndiyo maana jeraha baya kwa dubu ni baya kuliko kwa kulungu. Tulimpata asubuhi, amekufa baada ya usiku wa mateso, na joto limekwisha kuiharibu nyama yote. Jirani alishika kichwa na kusema kwamba mwaka ujao atanunua risasi kubwa zaidi. Nilighadhibika siku ile, na ghadhabu ile ninayo bado. Mnyama hakuteswa na udogo wa risasi, aliteswa na macho yaliyofumba, na dawa ya macho yaliyofumba haiwezi kuwa kitu kinachoyafumbisha zaidi.

Na nyama ile ni jambo la kusikitikiwa, ijapokuwa ndugu zetu Waislamu hawaili kwa kuwa mnyama ana chonge. Sisi tunaoila tunajua kwamba ni tamu, na kwamba haina budi kupikwa hadi joto lake la ndani lifike nyuzi 71, kwa sababu ya minyoo ya trikinela. Siku hizi wako vijana wanaompiga picha dubu, wakazituma picha hizo kwa jamaa zao hadi Goma na Mombasa, kisha wakatupa nusu ya mnyama. Huo nao ni msiba, na chimbuko lake ni lile lile, kwamba watu wanawinda ili waonekane.

Watetezi wa magnamu husema kwamba nguvu nyingi hufidia makosa. Na wasikilize habari ya John Nosler, ambaye mwaka 1946, akiwinda huko British Columbia, alimpiga paa mkubwa aitwaye musi kwa bunduki ya .300 H&H Magnum, magnamu kamili, na mnyama akakataa kuanguka; sababu ni kwamba vichwa vya risasi, kwa kasi yake kubwa na kwa umbali mdogo, vilikuwa vikivunjika juu juu ya ngozi iliyokaukiwa na tope badala ya kupenya ndani. Nosler hakwenda kutafuta bunduki kubwa zaidi. Alikaa akaunda kichwa cha risasi chenye ukuta katikati, ambacho mbele hupanuka na nyuma hubaki kizima, na mwaka 1948 akaanza kukiuza kwa jina la Partition. Na hadi leo kichwa hicho kikitiwa katika risasi ya wastani kama .308 Winchester kitapita bega la dubu yeyote mweusi. Hapa pana ithibati ya pande mbili: kasi iliyozidi ndiyo iliyomkosesha, na uundaji ndio uliomwokoa.

Na sisi watu wa Afrika Mashariki tungepaswa kuwa wa mwisho kuhadaiwa katika jambo hili, kwa kuwa W. D. M. Bell, yule aliyepewa lakabu ya Karamojo kwa ajili ya nchi ya Karamoja ya Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, risasi ndogo ambayo leo muuzaji wa Maine angesema inatosha kulungu tu. Simsifu kwa mauaji yale ya pembe, ambayo yalizikausha nchi zetu na yanastahili laana. Lakini ujuzi wake haukanushiki: alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha akapeleka risasi huko. Tembo dume huweza kufika tani tano au zaidi. Na mwaka 1953, karibu na Slave Lake katika jimbo la Alberta, Kanada, mwanamke wa Kicree aitwaye Bella Twin alimwua dubu wa kahawia wa bara, aitwaye grizli, ambaye fuvu lake liliandikwa kuwa kubwa kuliko mafuvu yote ya grizli yaliyokuwa yamepimwa hadi siku hizo, kwa bunduki ya .22 ya kuwindia ndege na sungura. Simwambii mtu afanye hivyo, naye mwenyewe alifanya kwa dharura; nawaambia wale wanaosema kwamba dubu hafi bila ya magnamu wamweleze dubu yule marehemu.

Hoja yao iliyobaki, ambayo mzee wa harusini aliitamka kwa sauti ya kutisha watoto, ni kwamba dubu akikujia je? Hoja hii ni dhaifu hata naona haya kuijibu. Stephen Herrero na wenziwe, waliochunguza habari za Amerika ya Kaskazini tangu mwaka 1900 hadi 2009, walihesabu watu 63 waliouawa na dubu weusi wasiofugwa, yaani katika bara zima na katika miaka 110. Barabara ya Portland kwenda Boston inatisha zaidi. Dubu mweusi akisikia harufu ya mtu aghalabu hukimbia. Na hata tuseme amekuja: mtu anayefumba macho penye meza tulivu ya uwanja wa shabaha atayafumbuaje mbele ya mnyama anayemjia mbio, na kwa bunduki nzito yenye darubini ndefu isiyoona kitu karibu?

Kwa hiyo namwambia kijana wa Bukavu, na wenziwe wanaoulizauliza, kwamba bunduki ile airudishe au aiuze, achukue .308 au .30-30, hata ikiwa kuukuu, na fedha zitakazobaki anunue risasi za kutosha kupiga kila wiki, kwa kusimama, kwa kuketi na kwa kuegemea, hadi mlio usimshtue tena. Siku ya dubu asipige kichwa, ambacho ni kidogo na hakitulii, wala asiufuate mstari wa chini wa manyoya, ambao huning'inia ukamdanganya mtu apige hewa. Angoje mnyama atoe mguu wa mbele wa upande wake, alenge nyuma kidogo ya bega, katikati ya kina cha kiwiliwili, na akikosa nafasi hiyo amwache aende. Msimu hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti, na tangu sasa hadi hapo muda wa kujifunza upo.