Somalia imeingia Afrika Mashariki, Chula bado inasubiri

Machi 4, 2024, Somalia iliwasilisha mjini Arusha hati za kuridhia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuwa mwanachama wake wa nane. Kwa mfanyabiashara wa Lamu au Mombasa, mlango wa karibu wa soko hilo jipya hauko Mogadishu. Uko katika mlolongo wa visiwa vya Wabajuni unaoanzia Kismayo na kushuka hadi karibu na Ras Kamboni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo.

Mvuvi wa Chula hahitaji mkalimani akifika Kiunga au Faza. Kibajuni chake ni Kiswahili, na upande wa Kenya ana wajomba na mashemeji. Samaki wakavu, kambakoche na boriti za mikoko zilisafirishwa katika pwani hii kwa kufuata kaskazi na kusi kabla ya mpaka kuchorwa. Kinachokosekana leo ni sera ya serikali inayoihesabu biashara hiyo kuwa halali.

Mfano wa karibu ni wa mwaka 2023. Mwezi Mei, Kenya na Somalia zilikubaliana kufungua tena mpaka wao, uliofungwa rasmi tangu 2011, kwa awamu tatu. Mandera ingefunguliwa ndani ya siku 30, Liboi ndani ya siku 60, na Kiunga na Ras Kamboni zingesubiri hadi siku 90. Julai mwaka huo, baada ya mashambulizi ndani ya Kenya, Nairobi iliahirisha mpango huo. Sababu ya usalama ilikuwa na uzito, kwani wakazi wa Lamu wamezika watu wengi kutokana na Al-Shabaab. Hata hivyo, mpangilio wenyewe unaonyesha kwamba njia ya pwani ndiyo iliyowekwa mwisho wa foleni.

Gharama ya kusubiri huangukia wadogo. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ambapo bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa hupata cheti cha asili pale pale mpakani. Utaratibu huo unamfaa sana mtu mwenye mashua moja na masanduku machache ya samaki. Lakini cheti hutolewa na afisa wa forodha, na afisa huhitaji kituo kilicho wazi. Pasipo kituo, mwenye mtaji mkubwa hutafuta njia nyingine ya kupeleka mzigo wake. Mwenye mashua huuza kwa dalali kwa bei atakayotajiwa, kwa sababu samaki hangoji.

Kwa upande wa Somalia, tatizo ni la nani mwenye kauli. Katiba ya muda ya 2012 ilisema mgawanyo wa maliasili ungeamuliwa kwa mazungumzo kati ya serikali ya shirikisho na majimbo. Mazungumzo hayo yamekuwa magumu. Desemba 2024, baada ya mvutano kuhusu uchaguzi wa Jubaland, majeshi ya shirikisho na ya jimbo yalipigana Ras Kamboni kwenyewe, mahali ambapo kituo cha forodha kilitarajiwa kufunguliwa. Wakati Mogadishu na Kismayo zinagombania mamlaka, hakuna wa kumjibu mvuvi anayeuliza kodi ailipe wapi na mara ngapi.

Wabajuni wenyewe wana sauti ndogo katika meza hizo. Tangu mwaka 2000 siasa ya Somalia imetumia mfumo wa 4.5, ambamo koo nne kubwa hupata fungu zima kila moja, na jamii zote za wachache hugawana nusu. Baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walinyang'anywa mali na kukimbilia Kenya. Jamii isiyo na kiti haipati gati wala kiwanda cha barafu kwa bahati.

Bahari nayo ina hesabu yake. Sheria ya Somalia imetenga maili 24 za baharini kutoka pwani kwa ajili ya wavuvi wa nchi hiyo. Mwaka 2018 serikali ya shirikisho ilitoa leseni kwa meli 31 za Kichina kuvua jodari nje ya eneo hilo. Maandishi yapo, lakini mstari wa baharini humlinda mvuvi iwapo tu kuna chombo cha doria, na fedha za leseni humfaa iwapo sehemu yake inafika kisiwani.

Soko likifunguliwa bila kanuni, hatari nyingine itafuata. Bei nzuri ya kambakoche humshawishi mzamiaji kuchukua wadogo na majike yenye mayai. Upande wa Kenya, Hifadhi ya Bahari ya Kiunga imekuwapo tangu 1979, lakini inaishia mpakani, wakati mikoko, matumbawe na kasa vinaendelea. Kanuni za ukubwa na majira ya kuvua zitafaa zikiwa sawa pande zote mbili. Vinginevyo mzigo uliokatazwa Kiunga utapitishwa kwa jina la Somalia.

Lamu inatoa funzo kuhusu kuchelewa. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, lakini wavuvi waliopoteza maeneo yao walilazimika kwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Kuwashirikisha mapema kungekuwa nafuu kwa pande zote.

Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 6, unataja mgawanyo wa haki wa manufaa kama mojawapo ya misingi yake. Kwa Chula, msingi huo unapimika. Kenya na Somalia zinaweza kuweka tarehe ya kufungua Kiunga na Ras Kamboni pamoja na masharti ya usalama yanayojulikana. Mogadishu na Kismayo zinaweza kukubaliana juu ya risiti moja ya kodi inayoheshimiwa na zote mbili. Samaki wa visiwani wanaweza kuingizwa wazi katika orodha ya bidhaa za utaratibu rahisi. Vyama vya wafanyabiashara vya Lamu na Mombasa vina njia ya kuyadai haya Nairobi na Arusha, njia ambayo mvuvi wa Chula bado hana.